Maktaba Katika Chumba na Sebule

Huenda umepata kuona picha za majumba ya fahari yenye chumba kizima cha vitabu: rafu za mninga zinazofika darini, ngazi ya kupandia, kiti cha ngozi dirishani. Hupendeza macho. Lakini vingapi kati ya vitabu hivyo vimewahi kufunguliwa?

Hapa hapa wilayani Kinondoni, kule Msasani, aliishi mtu ambaye kwake kitabu hakikuwa pambo. Mwalimu Nyerere, huku akiongoza nchi, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare: tafsiri ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Vitabu vyake vingi vimehifadhiwa kijijini kwake Butiama.

Nawe uliyepanga chumba na sebule, anza na ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali. Usiugusishe ukutani, unyevu wa pwani huozesha karatasi, na mchwa hupandia humo humo. (Mwandishi huyu aliwahi kuficha sanduku la vitabu chini ya kitanda, masika yalipokwisha, mchwa walikuwa wamebakiza majalada.) Mvua zikikatika, vitoe, uvipanguse, uvipunge hewa kivulini. Jua kali hukausha gundi, kurasa zikabanduka.

Fedha ikiwa haba, Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba, 1967, huwaazima wanachama wake vitabu. Na ubao wenyewe usiwe juu mno: mtoto wa darasa la kwanza aufikie bila kumwomba mtu.