Kiwanja cha Michezo Kiwe Ubao wa Mwalimu

Mwezi Septemba mwaka 2023 Shirikisho la Soka la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania heshima ya kuandaa kwa pamoja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Tangu hapo mazungumzo mengi katika nchi hizo tatu yamehusu viwanja, barabara, hoteli na ulinzi. Mambo hayo ni ya lazima, na askari wa jeshi na wa polisi wanafahamu kwamba mzigo mkubwa wa ulinzi utakuwa mabegani mwao. Lakini lipo jambo jingine linalostahili kufikiriwa mapema, nalo ni manufaa ambayo michezo, sikukuu na majira ya mwaka yanaweza kuleta ndani ya darasa.

Kila mwalimu wa Afrika Mashariki anaufahamu ugonjwa wa zamani wa shule: mtoto hukariri asichokielewa. Atataja kanuni ya mzingo wa duara bila kukosea, lakini akipelekwa uwanjani na kuulizwa kwa nini wakimbiaji wa mita 400 hawaanzi kwenye mstari mmoja, hunyamaza. Jioni mtoto huyohuyo hubishana na wenzake juu ya magoli, pointi na dakika zilizobaki, na hakosei hesabu. Akili anayo. Kilichokosekana ni daraja la kuunganisha ubishi ule wa jioni na somo la asubuhi.

Nchi jirani zimekwisha kuliona jambo hilo. Kenya ilianza mwaka 2017 majaribio ya mtaala unaosisitiza umahiri, na mwaka 2020 Uganda ikaanzisha mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari. Mitaala yote miwili inamtaka mwalimu aanzie kwenye mambo ambayo mwanafunzi anayaona na kuyatenda. Hata hivyo mtaala ni maandishi tu. Kinachoyapa uhai ni mfano anaouchagua mwalimu anaposimama mbele ya wanafunzi wake.

Mfano mmoja mzuri unatoka Uganda, nao unawahusu askari hasa. Tarehe 2 Septemba 1972, katika michezo ya Olimpiki mjini Munich, John Akii-Bua, askari wa Jeshi la Polisi la Uganda, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alivunja rekodi ya dunia ya Mwingereza David Hemery, iliyokuwa sekunde 48.12, akawa mtu wa kwanza kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48, na akaipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Mbio hizo zilichukua muda usiotimia dakika moja, lakini zinaweza kumpa mwalimu kazi ya wiki nzima. Viunzi ni 10. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kutoka kiunzi hadi kiunzi ni mita 35, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi mwisho wa mbio ni mita 40. Mwanafunzi mwenye haraka atazidisha 35 kwa 10, na jumla yake itakuwa mita 435. Hapo hapana haja ya mwalimu kumwambia kwamba amekosea, maana anajua kuwa mbio ni za mita 400. Atarudi kwenye mchoro wake na kugundua mwenyewe kwamba kati ya viunzi 10 ziko nafasi 9 tu. Hesabu hiyo ndiyo ya fundi anayesimika nguzo za uzio wa kambi, na aliyeielewa mara moja haisahau tena.

Somo la desimali nalo limo humo. Tofauti ya rekodi mpya na ile ya zamani ni sekunde 0.30. Mwanafunzi akigawa mita 400 kwa 47.82 atapata mwendo wa wastani wa mita 8.36 kwa sekunde, na akiuzidisha kwa 0.30 ataona kwamba kile kilichofanana na kufumba jicho ni umbali wa mita mbili na nusu. Tena, Akii-Bua alikimbia katika njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali. Upana wa njia moja ni mita 1.22, na kwa kanuni ya duara kila anayesogea nje njia moja huongezewa zaidi ya mita saba na nusu kwa mzunguko kamili. Ndiyo sababu mistari ya kuanzia hupangwa kwa kupishana. Kanuni iliyokaririwa sasa imepata kazi ya kufanya.

Mwalimu wa historia naye ana sehemu yake. Ushindi huo ulipatikana wakati Uganda ikiwa chini ya utawala wa Idi Amin, ulioanza kwa mapinduzi ya mwaka 1971. Utawala huo ulipokuwa ukianguka katika vita vya mwaka 1979, shujaa huyo wa Munich alikimbilia Kenya pamoja na familia yake akawa mkimbizi. Baadaye alirejea kwao, na alifariki dunia mwaka 1997. Kijana anayesimuliwa maisha hayo huelewa kwamba medali haimkingi mtu na maafa ya utawala wa mabavu, na kwamba mkimbizi anayebisha hodi mpakani huenda ni mtu ambaye jana alikuwa fahari ya taifa lake.

Kenya nayo inatoa somo la jiografia. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, Kipchoge Keino, askari polisi mzaliwa wa nyanda za juu za Nandi, alishinda mbio za mita 1,500 na kumwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu mita 20. Mji huo uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako kani ya hewa hupungua kwa karibu robo. Kutoka hapo darasa linaweza kulinganisha Nandi na Mombasa, kisha likaulizwa swali gumu zaidi: ikiwa mwinuko peke yake unatosha, kwa nini kila nchi yenye milima haitoi mabingwa? Mwanafunzi hujifunza kupima sababu moja dhidi ya nyingine, jambo ambalo ni msingi wa elimu yote.

Sikukuu na majira hufanya kazi hiyohiyo. Huko Lamu, katika pwani ya Kenya, Maulidi huambatana na mashindano ya punda na ya majahazi. Sherehe hizo hufuata mwezi mwandamo, na kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, kila mwaka hutangulia kwa siku 11 katika kalenda ya kawaida. Mtoto anayeulizwa Maulidi itaangukia msimu gani baada ya miaka 10 anafanya hesabu na elimu ya majira kwa pamoja. Na jahazi linalobisha upepo linamfundisha pembe kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Hali kadhalika mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, katika mvua za masika. Ramani ya mbio hizo ilikuwa vilevile ramani ya udongo, mito na matope ya Afrika Mashariki.

Pamoja na hayo yote, tahadhari inahitajika. Mchezo ni mlango wa somo, na mwalimu asiyeuvuka mlango huo hubaki akipiga soga za mpira hadi kengele inalia. Vilevile si kila mtoto ni mpenzi wa mpira, na wasichana wasifanywe watazamaji wa mifano ya wavulana. Mwalimu makini huchagua mfano, huuliza swali, hupima jibu, kisha huwarudisha wanafunzi kwenye kanuni ili waitumie mahali pengine.

Katika kazi hii askari hawako mbali. Mkufunzi wa kijeshi hamfundishi kuruta kusoma ramani kwa maneno matupu. Humpa dira na kumpeleka porini. Naftali Temu, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968, alikuwa mwanajeshi. Na Filbert Bayi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974. Makambi mengi yana viwanja, kamba za kupimia na watu wanaojua kuzitumia. Shule iliyo jirani na kambi ikiomba msaada wa kupima uwanja au kuhesabu muda wa mbio, askari anayeitikia anafanya kazi ya taifa.

Mwaka 2027 mamilioni ya watoto katika nchi hizi tatu watafuata matokeo ya kila siku. Timu iliyofunga magoli 2 na kufungwa 5 itawafundisha namba hasi. Mtoto atakayekuwa amejifunza shuleni habari za Akii-Bua, Keino na Bayi atawapokea mashabiki wa nchi jirani kama wageni anaowafahamu. Na askari atakayesimama langoni mwa uwanja siku hiyo atakuwa na kazi nyepesi kidogo, kwa sababu mwalimu alimtangulia.