KUKU WAKO ANAUMWA NINI?

Karibu kila nyumba hapa Unyamwezi ina tetea mmoja aliyezoea watu. Watoto wamempa jina. Huingia ndani bila hodi na kudonoa makombo ya ugali. Asubuhi moja unamkuta amejikunyata. Manyoya yamesimama, macho amefumba. Ukimtupia mtama, hautazami. Utafanya nini?

Wengi hukimbilia kisu. Wengine humfunga miguu na kumpeleka mnadani upesi, kabla hajafa. Usifanye hivyo. Mtenge kwanza na wenzake. Mweke kivulini, umpe maji safi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika. Kisha jiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Je, ni mgonjwa kweli?
Kuku anayetaka kuatamia hula kidogo, hujitutumua na hukasirika ukimgusa. Huyo si mgonjwa. Kuku anayebadili manyoya naye huacha kutaga kwa muda. Huyo pia usimchinje kwa haraka.

Swali la pili: Ni yeye peke yake?
Kama wenzake ni wazima, mshike umpapase. Mfupa wa kidari ukiwa umechongoka kama kisu, amekonda. Huenda ana minyoo. Fungua manyoya chini ya mabawa na karibu na njia ya haja, utafute chawa. Chungulia nyufa za banda usiku kwa tochi. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana. Usiku hutoka kunyonya damu, na kilemba cha kuku hupauka. Papasa pia mfuko wa chakula chini ya shingo. Ukiwa umejaa na mgumu alfajiri kabla hajala, chakula kimekwama. Tetea anayejikamua bila kutaga, huenda yai limekwama. Ukiona vipele vyenye magamba kwenye kilemba na kando ya macho, huenda ni ndui. Ugonjwa huo huenezwa na mbu.

Swali la tatu: Amekula nini?
Sisi ni wakulima wa tumbaku na pamba. Dawa za kuulia wadudu zimo majumbani mwetu. Kuku waliokuwa wazima asubuhi wakianza kutetemeka na kuanguka mchana, kumbuka ni nani aliyepulizia shamba, na mbegu zenye dawa ziliwekwa wapi. Kuku aliyekula sumu asiliwe.

Swali la nne: Kinyesi chake kikoje?
Vifaranga wakihara damu, wahi dawa kwa bwana mifugo, na weka banda kavu. Lakini kinyesi kikiwa cha kijani, kuku wakipumua kwa shida, shingo zikipinda, na wengi wakifa kwa siku chache, shuku kideri. Wengine huuita mdondo.

Kideri hakina dawa ya kuponya. Kikiingia kijijini kwa kuku wasiochanjwa, kinaweza kuua karibu wote. Dawa za vidonge na majani unazonunua wakati huo ni fedha iliyopotea. Kinga yake ni chanjo tu. Ipo chanjo inayostahimili joto, iitwayo I-2. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hupewa tone moja katika jicho moja. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wangali wazima, maana chanjo haimponyi mgonjwa. Chupa moja hutosha kuku wengi. Kwa hiyo changeni fedha na majirani, mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, kuku wa jirani wasiochanjwa wataendelea kuuweka ugonjwa kijijini.

Sasa turudi kwa yule anayetaka kuuza kuku mgonjwa. Zamani misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora na Kwihara. Ilinunua chakula vijijini, kuku wakiwemo. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Leo kuku husafiri kwa baiskeli, kwa basi na kwa treni. Kuku mgonjwa anayeuzwa Tura leo, kesho anaweza kuwa katika tenga moja na kuku wazima mjini. Waliobaki bila kuuzwa hurudi vijijini na ugonjwa. Wewe umepata fedha ya kuku mmoja. Mjane wa kijiji kingine anapoteza kuku wote aliowategemea kununua daftari za mwanawe.

Kwa hiyo, kuku mgonjwa asiuzwe wala asigawiwe. Aliyekufa asitupwe porini wala asipewe mbwa. Mchome moto au mfukie kwenye shimo refu. Osha tenga na vyombo. Kuku mgeni kutoka mnadani akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Wakifa wengi kwa pamoja, mwambie bwana mifugo au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Msimulie majibu ya maswali manne. Hapo atajua aanzie wapi, na kuku wa majirani huenda wakapona.