Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Salama

Msomaji, huenda unaye jirani aliyenunua tangi la kioo na samaki wazuri, akaliweka sebuleni ili watoto watazame. Siku ya kumi samaki wakaanza kuhema juu ya maji, na kabla ya juma kwisha wakafa wote. Jirani akanung'unika kwamba ameuziwa samaki wagonjwa, maana maji yalikuwa maangavu kabisa. Mara nyingi sivyo. Samaki hao huuawa na sumu isiyoonekana kwa macho, nayo hutoka kwao wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Samaki hutoa amonia, hasa kwa matamvua yake. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Ziwani maji ni mengi, na uchafu hutawanyika; katika tangi la lita 60 hauna pa kwenda.

Lakini wako watumishi wa kuiondoa sumu hiyo, nao ni vijidudu viitwavyo bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kuchukua hewa. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Wewe mkulima usione jambo hili kuwa geni. Vijidudu vya jamii hiyo hufanya kazi ile ile shambani mwako, vikigeuza samadi kuwa chakula cha mahindi. Mtaalamu Sergei Winogradsky alieleza habari zao mwaka wa 1890.

Vijidudu hivi hukaa juu ya changarawe na ndani ya sponji ya chujio, mahali maji yenye hewa yapitapo. Basi ukitaka vikutumikie, shika mambo haya:

1. Usifanye haraka. Katika tangi jipya vijidudu huchukua kama majuma 4 hadi 6 kuongezeka. Anza na samaki wawili au watatu wadogo. Ukipata kipande cha sponji iliyotumika katika tangi la mtu mwenye samaki wazima, kitie katika chujio lako. Kitakuwa kama mbegu.

2. Lisha kidogo, kiasi cha kumalizwa kwa dakika 2 au 3.

3. Usizime pampu usiku. Vijidudu vikikosa hewa hufa.

4. Usioshe sponji kwa sabuni wala kwa maji ya mfereji yenye klorini. Ikamue katika ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

5. Kila juma toa robo ya maji, utie mapya yenye joto sawa, yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Chujio la namna hii haliondoi nitrati. Hiyo huzidi siku kwa siku mpaka uitoe kwa ndoo.

Viko vipimo vidogo vya kupimia maji. Amonia na nitriti zisionekane kabisa, na nitrati ni vyema isizidi miligramu 40 katika lita moja.

Kabla ya kutumia maji ya kisima, yapime kwanza. Kisima kilicho karibu na zizi, choo au shamba lililotiwa mbolea nyingi chaweza kuwa na nitrati tangu mwanzo. Hapo si habari ya samaki tu. Maji yakizidi miligramu 50 za nitrati kwa lita, usimchanganyie mtoto mchanga maziwa ya chupa kwa maji hayo. Nitrati huweza kuharibu damu yake kama nitriti inavyoharibu damu ya samaki, wala kuchemsha hakuiondoi.

Na maji unayotoa tangini usiyamwage barabarani. Ikiwa hukutia chumvi wala dawa ya ugonjwa, yapeleke kwenye sukuma wiki. Kinachowadhuru samaki ndicho mboga inachokitafuta. Ukitaka shauri zaidi, mwendee afisa wa uvuvi wa kaunti yako.