Je, Wajua? Tonge la Kwanza la Nyama Ngeni

Je, wajua kwamba mamba ana undugu wa karibu na kuku kuliko na kenge? Katika wanyama walio hai leo, jamaa zake wa karibu kabisa ni ndege. Kwa hiyo mtu akionja mnofu mweupe wa mkia wa mamba akasema, “Mbona kama kuku?”, usimcheke.

Mbuni ni kinyume chake. Ndege huyo, lakini nyama yake nyekundu kama ya ng'ombe, tena haina mafuta mengi. Kidari usikitafute: yeye haruki, anakimbia hadi kilomita 70 kwa saa, basi minofu yote imehamia mapajani. Yai lake moja ni sawa na mayai 24 hivi ya kuku. Hesabu mwenyewe chapati mayai ngapi hapo.

Wawili hao bado wanaliwa Carnivore, mkahawa wa Nairobi uliofunguliwa mwaka 1980. Zamani hata pundamilia alipita hapo juu ya makaa, mpaka mwaka 2004 Kenya ilipopiga marufuku biashara ya nyamapori. Mamba na mbuni wa sasa ni wa kufugwa. Mezani huwekwa kibendera kidogo. Kikiwa kimesimama, wahudumu hawachoki kuja na nyama na kukukatia sahanini, ukishiba, unakilaza. Mimi mamba wangu wa kwanza nilimtafuna dakika nzima nikingoja ladha ya tope la mto. Ikaja ya kitunguu saumu.

Na je, wajua kwamba Charles Darwin aliwahi kumla ndege aliyekuwa anamtafuta? Huko Patagonia wachunga ng'ombe walikuwa wamemsimulia habari za ndege anayefanana na mbuni, mdogo kuliko yule wa kawaida wa nchi hiyo. Mwaka 1834 mwenzake wa safari akampiga mmoja risasi. Ndege akapikwa, watu wakala, na Darwin akiwemo, ndipo akili ikamrudia: ndiye huyu! Kwa bahati kichwa, shingo, miguu na manyoya mengi vilikuwa havijatupwa. Akavikusanya, vikasafirishwa hadi London, na leo ndege huyo ana jina la Darwin.

Safari hiyohiyo aliandaliwa nyama nyeupe usiku. Kwa neno moja lililodondoka mezani, akadhani anakula ndama aliyetolewa tumboni kabla ya siku zake, kitoweo kinachopendwa huko, na mwili ukamsisimka. Kumbe alikuwa puma. Akaandika kwamba ladha yake inafanana sana na ya ndama. Tazameni hapo: nyama ilikuwa haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni jina, na jina ndilo lililomtia hofu.

Krismasi ya 1870, siku ya 99 tangu Paris izingirwe na majeshi ya Prussia, mkahawa wa Voisin uliwaandalia wateja wake supu ya tembo, ngamia wa kuchoma, kangaruu wa mchuzi, paja la mbwa mwitu, na paka aliyezungushiwa panya. Nyama ya kawaida ilikuwa imekwisha. Mvinyo mzuri haukukosekana.

Marekani nayo nusura ile viboko. Mwaka 1910 mbunge Robert Broussard wa Louisiana alipeleka mswada akitaka dola 250,000 za kuleta wanyama wa ng'ambo. Hoja yake: kiboko ale magugu maji yaliyoziba mito, kisha watu wamle kiboko. Mswada haukupita. Mvuvi yeyote wa Ziwa Victoria, anayemjua kiboko na gugu pia, angempa ushauri bure.

Ngamia kwa wengi wetu ni mgeni, ila Garissa na Eastleigh ni wa kila siku. Ulizia nyirinyiri: nyama hukatwa vipande vidogo vidogo, ikaanikwa juani, ikakaangwa, kisha ikazamishwa kwenye samli. Hukaa miezi bila friji. Na kwa madhehebu ya Hanbali, kula nyama ya ngamia kunatengua udhu. Kwa Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, hakutengui.

La kasa halina mzaha. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, nyama yake iliua watu tisa, wanane wao watoto. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

Konokono yule mkubwa unayemmwagia chumvi bustanini asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Ghana na Nigeria binamu yake ni kitoweo cha heshima.

Bado majina. Nguruwe Tanzania ameshaitwa kitimoto, ameshaitwa mbuzi katoliki. Panya wa shambani, anayeuzwa Malawi kandokando ya barabara akiwa amebanwa kwenye vijiti, huko Mtwara anaitwa samaki nchanga. Nilipoandaliwa mara ya kwanza sikujua. Nikamuuliza mwenyeji wangu kama samaki huyo ana miiba mingi.

“Miiba hana,” akanijibu. “Ana mkia.”