Udongo wa Bara Katika Ufuko wa Malindi

Kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, katika nchi jirani ya Kenya, Mto Sabaki huingia Bahari ya Hindi. Ni mto ule ule uitwao Athi unapopita Ukambani, na Galana baada ya kuungana na Mto Tsavo. Wakati wa mvua, bahari hapo hugeuka rangi ikawa ya kahawia. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya bara.

Mchanga, kwa uzito wake, hutua kwanza mdomoni mwa mto na kufanya mafungu. Tope laini huendelea mbele, lakini likutanapo na maji ya chumvi chembe zake hushikamana zikawa mabonge, na mabonge huzama upesi. Maji yajaapo hulipandisha tope juu ya ufuko. Yafikapo kikomo husimama kitambo, na katika utulivu huo tope hutua. Yaanzapo kupwa, mwendo wake wa kwanza ni hafifu, wala hauwezi kulibandua tope lote lililokwisha kushika. Mizizi ya mikoko nayo hupunguza kasi ya maji na kulinda akiba hiyo.

Pepo nazo zina sehemu yake. Kusi huusukuma udongo kuelekea kaskazini. Kaskazi huurudisha kusini, hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968.

Udongo wenyewe si adui. Kaa, ndege na mikoko huishi kwa tope. Hatari ni wingi wake, kwa kuwa matumbawe huhitaji mwanga, na yakifunikwa hufa, na samaki wa mvuvi hupungua. Uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi, uliochapishwa mwaka 2007, ulisoma kumbukumbu ya miaka 300, ukaonyesha kwamba mmomonyoko uliongezeka sana mapema katika karne ya 20. Huo ndio wakati ambapo ukoloni uliwatengea walowezi ardhi nzuri, na Wakamba wakabanwa katika maeneo finyu.

Kwa hiyo tiba haianzii ufukoni. Huanzia kwenye matuta, miti na majani ya vilima vya Machakos. Nasi Tanzania tuliujua ukweli huo tulipoanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973. Mkulima wa mlimani na mvuvi wa pwani, hata wasipoonana maishani, wamefungwa na mto mmoja.