Je, Wajua? Shahamu Chini, Sifa Juu
Msomaji wa Kapseret, kiunga cha Eldoret kilicho zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huenda hajui kwamba mashua za Lamu, ziwe za kuvulia, za kutembeza wageni au za mashindano ya tanga, kwa desturi hutibiwa mbao kabla ya msimu. Chombo hupandishwa ufuoni wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ili yakitoka kibaki pakavu. Kisha huparuliwa, na nyufa huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kukalafati. Sehemu inayozama hupakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, dhidi ya teredo, kiumbe mtoboa mbao ambaye, ingawa ana umbo la mnyoo, ni wa ukoo wa chaza. Juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake haihitaji kuelezwa. La ajabu zaidi, mashua iliyokaa juani muda mrefu huvuja irudishwapo majini, kwa kuwa mbao zimenywea; mabaharia huyakumba maji hayo bila wasiwasi, hadi mbao zivimbe na kubanana zenyewe.