Zuhura, Jirani Yetu Aliyegeuka Tanuri

Mwalimu, kama chaki i tayari, andika ubaoni maneno matatu: SAYARI, RADA, HAIDROJENI. Yote tutayatumia kabla somo halijaisha.

Zuhura sote twaijua. Miezi mingine huonekana jioni upande wa magharibi, mara jua likisha kuzama. Miezi mingine huonekana mashariki kabla ya mapambazuko. Watu huiita nyota, lakini si nyota. Nyota huwaka kwa moto wake yenyewe, kama jua letu. Zuhura ni sayari, yaani ni dunia nyingine inayolizunguka jua kama hii yetu, na mwanga wake ni wa kuazima.

Tena kwa ukubwa inakaribia kuwa sawa na dunia yetu. Ukiipima dunia yetu toka upande hata upande, ukipita katikati, utapata kilomita 12,740 hivi. Zuhura ni 12,100. Sisi tuko mbali na jua kilomita milioni 150, na Zuhura milioni 108. Ungedhani ni ndugu mapacha. Lakini ardhi ya huko ina joto la digrii 465 hivi. Maji huchemka kwa digrii 100, na risasi, ambayo wavuvi huifanya chubwi ya mshipi, huyeyuka kwa digrii 327. Hewa ya huko karibu yote ni kaboni dayoksaidi, nayo hulifunika joto lisitoke, kama blanketi nene. Uzito wa hewa hiyo hukandamiza kila kitu mara 90 kupita hewa yetu. Na mawingu yake si ya maji. Ni ya asidi, jamii ya ile iliyomo ndani ya betri ya motokaa.

Sasa swali ndilo hili: ndugu hawa wawili waliachana wapi? Wataalamu wengine husema hapo kale Zuhura ilikuwa na bahari, kisha ikakauka. Wengine husema hapana, maji yake yalikuwa mvuke tangu mwanzo, wala mvua haikunyesha hata siku moja. Hakuna aliyekwisha kuthibitisha.

Si kwamba watu hawajajaribu. Mwezi wa Desemba 1970 chombo cha Umoja wa Kisovieti, Venera 7, kilitua huko na kupeleka habari kwa dakika 23. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo kupeleka habari kutoka ardhi ya sayari nyingine. Mwaka 1982 Venera 13 ilistahimili dakika 127, na mpaka leo hakuna iliyoishinda. Tangu mwaka 1985 hakuna chombo kilichotua tena.

Kuanzia 1990 hadi 1994 chombo cha Marekani, Magellan, kiliizunguka Zuhura na kuichora ramani kwa rada. Rada ni nini? Mfikirieni popo. Usiku hupiga sauti, akasikiliza mwangwi, akajua mti uko wapi. Rada nayo hupeleka mawimbi ya redio, yakagonga ardhi na kurudi, hata kama kuna mawingu. Picha hizo zilikaa miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wawili, Robert Herrick na Scott Hensley, walitangaza jambo la ajabu walilolikuta humo. Katika mlima uitwao Maat Mons, tundu moja la volkeno lilikuwa limebadilika umbo na kuongezeka ukubwa kati ya Februari na Oktoba 1991. Maana yake, Zuhura haijapoa; volkeno zake zingali zikifanya kazi.

Kwa hiyo safari nyingine zimeandaliwa, zote za mitambo isiyo na mtu. Uhindi imekubali kupeleka chombo, na imekusudia kukirusha mwaka 2028. Nchi za Ulaya zina EnVision, iliyopangwa kuondoka mwaka 2031. Itakuwa na rada ya kutazama juu ya ardhi, na nyingine ya kupenya chini yake. Marekani ilichagua safari mbili mwaka 2021: VERITAS, ya kuchora ramani iliyo bora kupita ile ya Magellan, na DAVINCI. Kama ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hiyo DAVINCI, na sababu nitaieleza.

DAVINCI itaangusha tufe la madini ya titani, upana wake kama mita moja. Litashuka kwa mwavuli kwanza, kisha litaachwa lianguke lenyewe, kwa muda wa saa moja hivi, mpaka katika nchi ya milima iitwayo Alpha Regio. Njiani litapiga picha na kuionja hewa. Likifika chini, hakuna anayelitegemea kuendelea kuishi. Kazi yote ni ya saa ile moja.

Na litaonja nini? Hapa ndipo penye haidrojeni. Maji yamefanywa kwa haidrojeni na oksijeni. Lakini haidrojeni iko ya aina mbili, nyepesi iliyo nyingi, na nzito iliyo chache. Mvuke ukipanda juu sana, jua huuvunja, na ile nyepesi hutoroka upesi zaidi. Nzito nyingi hubaki. Waliopata kuona mashamba ya chumvi pwani watanielewa. Maji hukauka, chumvi husalia, na ukiipima chumvi waweza kukisia maji yalikuwa mengi kiasi gani. Mwaka 1978 vyombo vya Marekani viliikuta haidrojeni nzito katika hewa ya Zuhura, na sehemu yake ilikuwa zaidi ya mara 100 ya hii ya kwetu. Basi maji yalipotea. Yalikuwa mengi kiasi gani? Kipimo kile hakikutosha kusema. Tufe hili litapima kwa usahihi zaidi, tena katika vimo mbalimbali.

Lakini safari hizi hutegemea fedha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza DAVINCI na VERITAS zifutwe. Pendekezo si uamuzi, kwa kuwa bunge lao ndilo linalopitisha fedha. Hata hivyo mtambo hauwezi kuundwa kwa ahadi.

Sasa hesabu. Toeni milioni 108 katika milioni 150, mpate umbali wa Zuhura ikiwa karibu nasi. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Amri itachukua sekunde ngapi kufika? Kisha jadilianeni: kwa nini tufe lile lazima liagizwe kila kitu kabla halijaanza kuanguka?